Carl Diem: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwalimu wa michezo wa Ujerumani

Kila mada ya historia ya Olimpiki inapofika mwaka 1936, jina la Carl Diem huibuka, na maswali huwa ni yale yale. Tumeyakusanya hapa. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, tumekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

Carl Diem alikuwa nani?

Alikuwa mwandishi, mratibu na mwalimu wa michezo wa Kijerumani. Alizaliwa Würzburg tarehe 24 Juni 1882, akafariki Köln tarehe 17 Desemba 1962. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha chuo cha michezo cha Berlin mwaka 1920, akawa katibu mkuu wa kamati iliyoandaa Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, na baada ya vita akaanzisha chuo kingine, Deutsche Sporthochschule ya Köln, alichokiongoza hadi mwisho wa uhai wake.

Ukitaka kumwelewa, hesabu serikali alizozifanyia kazi: ya Kaizari Wilhelm II, ya Jamhuri ya Weimar, ya Hitler, na ya Ujerumani Magharibi. Serikali nne, na katika kila moja alipata ofisi, meza na karatasi ya kuandikia. Ukishaliweka hilo kichwani, mengi ya hapa chini hayatakushangaza.

Jina lake linatamkwaje?

«Diim», kwa i ndefu, si «Dayemu» wala «Diemu».

Alisomea nini?

Kwa vyeti, karibu hakuna. Familia yake ilihamia Berlin akiwa mtoto, akaacha sekondari kabla ya mtihani wa mwisho unaofungua mlango wa chuo kikuu, akaingia kujifunza kazi ya biashara. Kumbe moyo wake ulikuwa uwanjani. Mwaka 1899, akiwa na miaka 17, alianzisha klabu ya riadha iliyoitwa Marcomannia pale Berlin, na muda si muda akawa anaandika habari za michezo magazetini. Jinsi mtu wa namna hiyo alivyokuja kuitwa daktari na profesa ni swali la peke yake. Lipo kwenye sehemu ya chuo.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanariadha hodari?

Alikimbia ujanani, lakini hakuna anayemkumbuka kwa mbio zake. Kipaji chake kilikuwa kupanga. Mwaka 1908 alianzisha mbio za kupokezana kutoka Potsdam hadi Berlin, umbali wa kilomita 25 hivi barabarani, timu kwa timu. Kumbuka mbio hizo utakapofika kwenye swali la mwenge, kwa maana mtu hutumia ufundi alionao.

## Kabla ya chuo

Kwani Wajerumani hawakuwa na elimu ya viungo kabla yake?

Walikuwa nayo zaidi ya karne. Johann Christoph Friedrich GutsMuths alifundisha mazoezi ya viungo katika shule ya Schnepfenthal, Thuringia, na mwaka 1793 alichapa kitabu cha jimnastiki kwa vijana kilichosomwa Ulaya nzima. Baadaye akaja Friedrich Ludwig Jahn, aliyefungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, Berlin, mwaka 1811, wakati nchi iko chini ya kivuli cha Napoleon. Jahn ndiye aliyewaachia Wajerumani neno *Turnen* na vyama vyake: fito, kamba, farasi wa mbao, watu mia wakifanya zoezi moja kwa pamoja, na uzalendo mwingi ndani yake.

Michezo ya mtindo wa Kiingereza, yaani soka, riadha, saa ya kupimia na rekodi za kuvunja, ilipoingia mwishoni mwa karne ya 19, wana-Turnen waliiona ya kigeni. Waliona haifai mtu kumshinda mwenzake kwa sekunde na kuandikwa gazetini. Diem alisimama upande wa michezo hiyo mipya, lakini alitaka pande zote mbili zikae chini ya mwavuli mmoja. Hakufaulu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 vyama vya Turnen na vya michezo viliachana rasmi, na utengano huo wakaupa jina la «talaka safi».

Ni kweli Berlin ilikuwa iandae Olimpiki ya 1916?

Kweli kabisa. Berlin ilipewa michezo hiyo mwaka 1912, wakati wa Olimpiki ya Stockholm, ambako Diem alikuwa amewaongoza wanamichezo wa Ujerumani. Mwaka uliofuata akawa katibu mkuu wa maandalizi. Uwanja ukajengwa ndani ya kiwanja cha mbio za farasi cha Grunewald, ukachimbiwa chini ya usawa wa ardhi ili usiwazibe macho waliokuja kutazama farasi. Kaizari aliufungua tarehe 8 Juni 1913.

Diem akasafiri Marekani kuona wenzake wanavyofanya, na Ujerumani ikamwajiri kocha kutoka huko, Alvin Kraenzlein, bingwa wa medali nne za dhahabu za mwaka 1900. Kisha ikaja vita ya 1914. Michezo haikufanyika, na Diem akavaa sare za jeshi kama wenzake.

Beji ya michezo ya Ujerumani inahusiana naye vipi?

Stockholm aliona Waswidi wakitoa beji kwa raia wa kawaida aliyetimiza viwango fulani vya kukimbia, kuruka, kuogelea na kadhalika. Akalibeba wazo hilo. Beji ya Kijerumani ilipitishwa mwaka huo huo wa 1912, na mpaka leo inatolewa. Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi yake iliyoingia majumbani kuliko zote, ingawa haisemwi sana: mama wa nyumbani, karani na mzee mstaafu wanaitafuta bila kujua ilikotoka.

Ndugu yake beji hii ni mashindano ya vijana yaliyoanza mwaka 1920, yakafufuliwa mwaka 1951 kwa jina la Bundesjugendspiele. Muulize mtu yeyote aliyesoma shule Ujerumani, atakusimulia cheti alichopata au alichokikosa.

## Chuo cha Berlin

Chuo cha michezo cha 1920 kilikuwa na upya gani?

Deutsche Hochschule für Leibesübungen kilifunguliwa Berlin tarehe 15 Mei 1920. Mara nyingi hutajwa kuwa chuo cha kwanza cha aina yake duniani. Upya wake ulikuwa kuuchukulia mchezo kama somo la elimu ya juu: mwanafunzi alisoma mwili, ualimu, afya na uendeshaji, kisha akatoka nje kukimbia na kuruka katika uwanja ule ule uliojengwa kwa ajili ya 1916.

Mkuu wa chuo alikuwa August Bier, daktari mpasuaji aliyetangulia kupiga sindano ya ganzi ya uti wa mgongo mwaka 1898, na kwa jinsi alivyoiamini alikubali kudungwa yeye mwenyewe. Diem alikuwa naibu wake. Bier alikipa chuo heshima ya kitaaluma. Diem alikipa ratiba, fedha na walimu. Nani alikuwa akikiendesha siku hadi siku, unaweza kukisia.

Sababu ya chuo kuanza wakati ule ipo wazi. Mkataba wa Versailles ulikuwa umelifuta jeshi la kuandikishwa kwa lazima, na wengi, Diem akiwemo, waliona michezo ishike nafasi ya kambi katika kuwakomaza vijana. Wazo hilo limo katika maandishi yake tangu mapema, na ni kosa kulisahau tukifika 1945.

Aliwezaje kuwa mwanazuoni bila digrii?

Kwa shahada ya heshima aliyotunukiwa na Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1921, na kwa kuandika bila kuchoka. Uprofesa ulikuja baadaye.

Wapo wanaomkejeli kwa hilo. Tunaona kejeli hiyo haina uzito, kwa kuwa taaluma yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa. Nani angempa digrii ya fani ambayo yeye na wenzake ndio walikuwa wakiitungia mtaala? Lililo na uzito ni jingine: maandishi yake ni ya mhamasishaji kuliko ya mtafiti. Hata *Weltgeschichte des Sports* ya mwaka 1960, historia yake ya michezo ya dunia, ina upana wa kushangaza, lakini hukimbia sana pale ambapo mwandishi mwenyewe alihusika.

Liselott Diem alikuwa mkewe tu?

Hapana, na swali likiulizwa hivyo linamwonea. Liselott Bail, aliyezaliwa Wiesbaden mwaka 1906, alisoma katika chuo cha Berlin na kufundisha jimnastiki kabla na baada ya kuolewa mwaka 1930. Utaalamu wake ulikuwa mazoezi ya watoto wadogo na ya wanawake. Aliishi hadi mwaka 1992, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mkuu wa chuo cha Köln, kiti alichokikalia mumewe. Katika mambo ya ufundishaji wenyewe, huenda athari yake ni kubwa kuliko ya mumewe.

## Berlin 1936

Hitler alipoingia madarakani, Diem alipataje kubaki?

Hakubaki pote. Mwaka 1933 alipoteza ukatibu wa shirikisho la michezo na nafasi yake chuoni. Wapo Wanazi waliomwita «Myahudi mweupe», kwa sababu chuo chake kiliajiri walimu Wayahudi na kwa sababu ya ukoo wa mkewe. Alichobaki nacho ni kamati ya maandalizi ya Olimpiki, ambayo rais wake, Theodor Lewald, mwenyewe alikuwa na baba mwenye asili ya Kiyahudi. Berlin ilikuwa imepewa michezo mwaka 1931, kabla ya Hitler, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishikilia kwamba wenyeji waliokubaliwa wasiguswe.

Wanazi nao walimhitaji. Nani mwingine alijua kupanga jambo la ukubwa ule? Basi akakaa, akafanya kazi kwa bidii ile ile, huku wanamichezo Wayahudi kama mrukaji Gretel Bergmann wakienguliwa kwenye timu.

Ni yeye aliyebuni mbio za mwenge wa Olimpiki?

Ndiye aliyezipanga na kuzifanikisha. Kuhusu wazo, sifa huwa inagawanywa: Diem mwenyewe hutajwa kwanza, lakini watu wa wizara ya propaganda na mwanaakiolojia Alfred Schiff nao huhusishwa. Moto wenyewe uwanjani haukuanza Berlin; ulishawashwa Amsterdam mwaka 1928. Cha 1936 ni safari.

Wagiriki wa kale walikuwa na mbio za mienge, ila hawakuwa na desturi ya kukimbiza moto kutoka Olympia kwenda mji wa mbali. Kwa hiyo ukisikia mtangazaji akisema «desturi ya miaka elfu tatu», jua kwamba ni ya 1936.

Safari hiyo ilikwendaje?

Tarehe 20 Julai 1936, kwenye magofu ya Olympia, wasichana wa Kigiriki waliovaa kanzu za kale walikusanya miale ya jua kwa kioo cha kubonyea, moto ukashika. Mkimbiaji wa kwanza alikuwa Konstantinos Kondylis. Kuanzia hapo zaidi ya wakimbiaji 3,000, kila mmoja kama kilomita moja, walipokezana kupitia Ugiriki, Bulgaria, Yugoslavia, Hungaria, Austria na Chekoslovakia hadi Ujerumani. Siku kumi na mbili. Fritz Schilgen aliingia nao uwanjani tarehe 1 Agosti.

Kishikio cha mwenge kilikuwa cha chuma kisichoshika kutu, kazi ya kampuni ya Krupp. Juu yake ilichorwa njia yote, na maneno ya kumshukuru aliyeubeba. Kila mkimbiaji alikwenda nacho nyumbani. Hapo unauona mkono wa Diem, mtu aliyejua kwamba mkimbiaji wa kijijini Bulgaria, aliyekimbia kilomita moja tu alfajiri, anahitaji kitu cha kuwaonyesha wanawe.

Unauona pia upande wa pili. Moto ulipopita Vienna, Wanazi wa Austria waliutumia kufanya maandamano. Krupp ilikuwa ikitengeneza mizinga. Na kati ya nchi sita za njiani, kufikia mwaka 1944 hakuna hata moja iliyokuwa haijavamiwa, kumezwa au kuburutwa kwenye vita vya Hitler.

Kwa nini desturi hiyo haikufutwa baada ya vita?

Kwa sababu London waliigeuza maana. Mwaka 1948 mkimbiaji wa kwanza, koplo Dimitrelis wa jeshi la Ugiriki, aliweka silaha chini na kuvua sare kabla ya kukimbia. Tangu hapo watu huhusisha mwenge na amani, na wachache hukumbuka Berlin.

Mwenge wa Uhuru wa Tanzania umetokana na huo?

Swali hili huulizwa sana, na jibu ni kwamba ni mambo mawili tofauti. Mwenge wa Uhuru ulipandishwa kileleni Kilimanjaro na Alexander Nyirenda usiku wa uhuru, Desemba 1961, na maana yake inatokana na maneno ya Mwalimu Nyerere aliyoyasema kabla ya uhuru, ya kuumulika hata nje ya mipaka. Haukuwashwa Olympia, haupelekwi kwenye mashindano, na mbio zake huzunguka nchi kuhimiza maendeleo. Kufanana ni kwa umbo: moto, mkono unaopokea, barabara iliyojaa watu.

Mwenge wa Olimpiki wenyewe ulifika Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2008, ukielekea Beijing, na hicho ndicho kilikuwa kituo pekee cha Afrika katika safari hiyo. Wangari Maathai wa Kenya alikuwa miongoni mwa walioalikwa kuukimbiza, akajitoa kwa kupinga mambo ya haki za binadamu. Siasa na mwenge zimeandamana tangu siku ya kwanza.

«Olympische Jugend» ni nini?

Ni onyesho kubwa la jukwaani alilolitungia maneno Diem, lililofanyika uwanjani usiku wa ufunguzi na washiriki wapatao 10,000. Muziki ulitungwa na Carl Orff na Werner Egk. Mary Wigman na Harald Kreutzberg walikuwa miongoni mwa wacheza ngoma. Watoto, wasichana, vijana, kisha mashujaa wawili wanapigana na kufa, wanawake wanaomboleza, na mwisho kwaya inaimba wimbo wa furaha wa Beethoven. Kifo cha kujitolea kwa ajili ya nchi kikawekwa katikati ya sherehe ya michezo. Miaka mitatu baadaye vijana waliokuwa uwanjani walianza kwenda vitani.

## Maswali magumu

Alikuwa Nazi?

Kwa kadi ya chama, hapana. Hakuwahi kuwa mwanachama. Kwa kalamu, jibu ni zito zaidi. Mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka, aliandika makala ya kusifu «mbio za kishindo» za majeshi ya Ujerumani kupita nchi hiyo, kwa lugha ile ile aliyotumia kuelezea mashindano. Alikuwa pia na kazi katika shirikisho la michezo la utawala ule, upande wa mambo ya nje.

Wanaomtetea husema alikuwa mzalendo wa kizazi chake aliyejikinga. Sisi tunaona kwamba hakuhitaji kadi: imani yake kwamba michezo ni maandalizi ya kujitoa kwa taifa ilitangulia Unazi, na ndiyo sababu haikumgharimu sana kuishi nao.

Hotuba ya Machi 1945 ilihusu nini?

Tarehe 18 Machi 1945 Warusi walikuwa karibu na mto Oder, safari fupi kutoka Berlin. Katika ukumbi wa kuba kwenye viwanja vile vile vya Olimpiki walikusanywa vijana wa Hitler pamoja na wanaume wa jeshi la mgambo lililoundwa dakika za mwisho. Diem, mwenye miaka 62, alisimama akawapa mfano wa Sparta na uzuri wa kufa kwa ajili ya nchi.

Ushahidi wa kijana mmojawapo aliyekuwa ukumbini, Reinhard Appel, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi maarufu wa televisheni, ndio uliolifanya jambo hili lijulikane kwa mapana. Wengi wa wenzake walikufa wiki chache baadaye mapigano yalipofika viwanjani hapo. Diem alinusurika.

Wapo wanaouliza kama alisema neno hili au lile. Mabishano hayo yapo. Lakini kwamba alikuwepo, na kwamba hakuwaambia warudi kwa mama zao, halibishaniwi.

## Baada ya vita

Ilikuwaje mtu huyo akapewa chuo tena mwaka 1947?

Waingereza, waliotawala eneo la Köln, walihitaji walimu wa michezo mashuleni, na wenye ujuzi walikuwa wachache. Sporthochschule ilifunguliwa Novemba 1947 karibu na uwanja wa Müngersdorf. Diem akawa mkuu wake. Miaka iliyofuata alikuwa pia mshauri wa michezo wa wizara ya mambo ya ndani, na alishiriki kuirudisha Ujerumani katika familia ya Olimpiki. Kuhusu namna alivyokuwa akipata nafasi kila serikali ilipobadilika, rudi kwenye swali la kwanza.

Alihusika na chuo cha Olimpiki cha Ugiriki?

Ndiyo. Kwa miaka mingi yeye na Mgiriki Ioannis Ketseas walisukuma wazo la mahali pa kufundishia falsafa ya Olimpiki, na International Olympic Academy ilianza pale Olympia mwaka 1961. Diem aliwahi kuiona ikifunguliwa.

Kwa nini barabara na kumbi zilizoitwa kwa jina lake zimebadilishwa?

Baada ya ushahidi wa 1945 kusambaa, halmashauri na shule nyingi za Ujerumani zilianza kujadiliana upya. Mji wake wa kuzaliwa, Würzburg, uliliondoa jina lake kwenye ukumbi wa michezo. Huko Köln, barabara ya chuo alichokianzisha mwenyewe, Carl-Diem-Weg, sasa inaitwa Am Sportpark Müngersdorf. Katikati ya mabishano hayo mwanahistoria Frank Becker aliandika wasifu wake wa juzuu nne, na hata huo haukuwanyamazisha wabishi.

Namchanganya na Carl Krümmel. Tofauti yao ni ipi?

Krümmel alikuwa Nazi kamili, aliyesimamia elimu ya viungo katika wizara ya elimu na kuongoza Reichsakademie iliyochukua nafasi ya chuo cha Bier na Diem. Ukikuta andiko linalosema Diem ndiye aliyelazimisha saa nyingi za michezo mashuleni miaka ya 1930, huenda mwandishi amewachanganya hao wawili.

Nyaraka zake ziko wapi?

Köln, katika hifadhi ya Sporthochschule yenye majina ya Carl na Liselott Diem. Humo mna barua, shajara na makala, nyingi kwa Kijerumani. Mwanafunzi anayefikiria tasnifu aanze na lugha kwanza.